Pumzi ya Lonzo

Vidole vya mkono wa kulia vya Verlin Stidham vilisifiwa katika milima ya Kentucky kama watu wengine wanavyosifu farasi wa mashindano. Alikuwa akivivalisha kucha za chuma, anavirusha juu ya nyuzi za banjo, na sauti zinamwagika kama punje za mahindi kutoka gunia lililotoboka. Gitaa nalo hakuliacha nyuma. Zile nyimbo za kuchezea dansi ambazo wazee waliamini ni fidla tu iwezayo kuzipiga, yeye alizipiga kwenye gitaa, na kwa kasi ile ile.

Alianza na kaka yake, Lonzo. Lonzo hakuwa fundi wa nyuzi, yeye aliimba. Alikuwa na sauti ya juu, nyembamba, yenye kilio ndani yake, na akiimba wimbo wa kumzika mama, hata wenye mama zao hai walitafuta leso. Ndugu hao walipiga makanisani, mashuleni, na kwenye redio ya mjini asubuhi za Jumamosi. Kisha bendi kubwa ya bluegrass, ule muziki wa nyuzi wa milimani, kutoka Nashville ikapita huko, na kiongozi wake akamtaka mpiga banjo. Mwimbaji alikuwa naye tayari.

"Mimi siendi bila wewe," Verlin alisema.

"Nani kaniita mimi? Wamekuita wewe," Lonzo akamjibu. "Ukikataa, iko siku utanichukia, na mimi nina watoto, sina nafasi ya kuchukiwa. Nenda, mdogo wangu, kabla sijabadili mawazo nikakuvunja hivyo vidole."

Verlin akaenda. Miaka ikapita akiwa ndani ya basi la bendi, jukwaa baada ya jukwaa. Vijana walinunua santuri zake na kuzizungusha polepole ili wajue anafanyaje. Lonzo aliingia mgodini kuchimba makaa, kama baba yao. Kila Krismasi Verlin alifika na zawadi nyingi, na akaondoka kahawa yake ikiwa bado ina moshi.

Siku moja alipigiwa simu na Orpha, mke wa Lonzo.

"Shemeji, kaka yako haimbi tena."

"Amekasirikia nini?"

"Hajakasirika. Hana pumzi."

Alimkuta barazani, amekaa kwenye kiti, mpira wa hewa umeingizwa puani, mtungi uko ubavuni. Vumbi la makaa lilikuwa limemla mapafu.

"Umenenepa," Lonzo alisema.

"Na wewe umekonda."

"Basi tumegawana." Akacheka, na kile kicheko kikageuka kikohozi ambacho hakikutaka kwisha. Kilipokwisha alisema, "Toa hiyo banjo. Au umekuja kunitazama tu?"

Verlin aliupiga wimbo wao wa zamani kama alivyozoea kuupiga. Lonzo alikamata mstari wa kwanza, katikati ya wa pili hewa ikamwishia. Verlin akaacha kupiga.

"Usisimame!" Lonzo alifoka, macho yamemtoka. "Sitaki huruma yako. Piga, ila ningoje."

"Nikungoje wapi?"

"Hapo ninapovuta hewa. Usijaze. Tangu utotoni wewe ukiona shimo, lazima ulijaze."

Haikuwa rahisi. Vidole vilivyofundishwa kukimbia havijui kusimama. Na sauti ya banjo hufa upesi. Kila Verlin alipoiacha, ulibaki ukimya mtupu, na ndani yake ilisikika ile filimbi ya kifua cha kaka yake. Akaiweka banjo kando, akachukua gitaa. Uzi wa gitaa ukiuacha huendelea kuvuma. Akawa anapiga sauti chache, anaziacha zining'inie hewani huku akiyatazama mabega ya Lonzo. Yakishuka tu, anamrudia. Kama mtu anayemshika mwenzake mkono kupanda ngazi.

Aliiacha bendi. Kiongozi wake alimtukana kwenye simu, Verlin akasikiliza mpaka mwisho, akakata. Alasiri zote za kiangazi kile walipiga pale barazani, na Orpha alimenya maharage karibu nao.

Mwezi wa Septemba, waumini waliokuwa wamehama waliporudi kanisani kwao kula pamoja kwenye meza za nje, Lonzo alibebwa pamoja na kiti chake. Aliimba wimbo mmoja. Kila alipopumzika, gitaa lilivuma peke yake, na watu wote, sahani mkononi, wakajikuta na wao wamebana pumzi. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alivua kofia.

Theluji ya kwanza ilimkuta Lonzo kaburini.

Verlin hakujua kazi nyingine, akarudi jukwaani, safari hii na gitaa peke yake. Alijaribu kupiga kama zamani. Vidole vikakataa, vilipofika mahali pa Lonzo vilisimama vyenyewe, vikangoja. Magazeti yakaandika kwamba Stidham amebuni mtindo mpya, kwamba amekuwa bingwa wa ukimya. Vijana wakaanza kuiga, wakisimama pale pale alipokuwa akisimama, bila kujua wanamngoja nani. Verlin hakuwaambia.

Kila mwaka alimwalika Orpha, na kila mwaka Orpha alikuwa na udhuru. Hatimaye alikubali kwenda naye kwenye tamasha huko Virginia. Aliketi mstari wa mbele na koti lake la kanisani, mkoba mapajani. Verlin akapiga ule wimbo. Alipofika pa kwanza pa kungoja, alimwona shemejiye akifunika mdomo kwa kiganja, na hakukiondoa mpaka mwisho.

Walirudi kwa gari kupitia milimani. Nyumbani Orpha alipasha maharage, akamkatia mkate wa mahindi, akaketi ng'ambo ya meza.

"Nilimsikia akivuta hewa," alisema. "Kila mara. Waziwazi kabisa."

"Nami namsikia, shemeji."

"Basi usije ukaacha kupiga hivyo." Alisukuma siagi karibu na sahani yake. "Lakini mimi usinialike tena."

Verlin aliitikia kwa kichwa. Walikula, na baadaye akamsaidia kuosha vyombo.