Nyumba Isiyo na Kelele

Nilimwambia Gamaliel jambo moja tu, na nililirudia mara tatu: natafuta nyumba isiyo na kelele. Vyumba viwili vinatosha, bati likivuja tutaziba wenyewe. Tangu watu wenye bunduki waingie kijijini kwetu karibu na Oicha, mume wangu Éliakim hawezi kusikia hata mlango ukibamizwa bila kujitupa chini. Gamaliel, dalali wa nyumba hapa Butembo, alinisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma.

Alipata moja, akanipeleka kuiona Jumapili tatu mfululizo.

"Nyuma ya culte, mama Orpa, roho inakuwaka ya kutulia," aliniambia kila tulipotoka ibadani.

Na kimya kilikuwepo kweli! Niliwasikia kuku wa jirani wakiparua udongo. Nikasema huyu ni mtu wa Mungu, mjinga mimi. Tuliuza shamba letu la kakao, nikamlipa mwenye nyumba pesa yote, tukahamia Jumamosi jioni. Usiku ule na uliofuata Éliakim alilala mpaka akakoroma. Nililia kwa furaha.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mshindo ulipiga nyuma ya ukuta wetu. Ukapiga wa pili, kisha ngurumo isiyokatika. Vikombe vilianguka mezani. Nilitoka mbio nikidhani wale wenye bunduki wametufuata mpaka mjini. Nyuma ya ukuta, wanawake walikuwa wamepanga foleni na ndoo za mihogo mikavu, na mashine ya kusaga inatema moshi.

"Inasagaka kila siku?" nilimuuliza mmoja.

"Kila siku, mama. Dimanche tu ndiyo inapumuzikaka."

Jumapili tatu!

Saa mbili Gamaliel alifika, shati amechomekea vizuri, kudai komisio yake: asilimia tano kutoka kwa mnunuzi. Tulilazimika kupayuka ili tusikilizane.

"Ulijua!"

"Haukuniulizaka juu ya moulin ya kusaga, mama. Miye ninalipwa juu ya kuonyesha nyumba."

Nilimshika mkono nikamvuta mpaka chumbani. Éliakim alikuwa chini ya kitanda, viganja masikioni, suruali imelowa. Gamaliel alivua kofia. Nilisubiri aombe msamaha.

"Pole sana," alisema. "Basi, komisio ninaachilia. Na nyumba nitakuuzishia tena, bule. Niko na mama moya wa Mavivi, mujane, mutoto yake iko mugonjwa. Anatafuta fasi ya kimya. Nitamuleta dimanche."

Nilifungua mdomo nimtukane. Ninasali, lakini matusi pia ninayajua, na siku hiyo yalikuwa yamejaa kinywani. Chini ya kitanda mume wangu alitetemeka mpaka mbao zikagonga ukuta.

Nikashtuka kusikia sauti yangu mwenyewe ikiuliza:

"Uyo mama, pesa yote iko nayo mu mukono?"