Theluji ya Mwezi wa Sita

Katika Durban nzima palikuwa na mtu mmoja tu aliyeijua baridi, naye ni Tonton, yaani mjomba, Pierre-Claver. Hivyo ndivyo alivyoamini mwenyewe. Alifanya kazi Mobeni, kwenye ghala la baridi linalohifadhi kuku na samaki, na kazini walimpa jaketi nene la bluu lenye ukosi wa manyoya ya bandia. Jaketi lile lilitakiwa libaki kazini. Yeye alilivaa kanisani. Alilivaa hata Januari, mji unapotoka jasho mpaka kuta zinalowa, na mtu akimuuliza kama hasikii joto, alijibu: "Miye nilishazoea digiri ishirini na tano chini ya zero. Joto yenu hii haiko kitu." Huku jasho likimtiririka shingoni.

Hata picha alipiga nalo. Alikuja dukani kwetu Sydenham, ambako nauza simu na kupiga picha za pasipoti, akasimama mbele ya pazia jeupe, mkono mmoja kiunoni, tumbo mbele, akaniagiza nimkuzie picha hiyo hadi ukubwa wa kalenda. Nikamkuzia. Ilibaki kwenye kompyuta ya duka, pamoja na takataka nyingine ambazo sikuwa nimepata muda wa kuzifuta.

Nisingepoteza wino kwa mtu wa namna hii kama hatima ya Yvette isingekuwa mkononi mwake. Yvette ni mpwa wake, msusi, na tangu mumewe aondoke tulikuwa tukikaa chumba kimoja. Mume wake, Achille, alipelekwa Norwei na shirika la wakimbizi katikati ya Mei mwaka 2013, kaskazini kabisa, kwenye mji mdogo ambao jina lake Pierre-Claver alisema si jina, ni mtu anakohoa. Yvette aliachwa nyuma kwa sababu walioana faili la Achille likiwa limeshafunguliwa. Sasa ubalozi ulikuwa umemwita Pretoria, Jumatano ya wiki ya pili ya Juni. Cheti cha ndoa hakuwa nacho. Walioana kimila, sebuleni kwa huyo huyo Pierre-Claver. Kwa hiyo ubalozi ulitaka kiapo cha maandishi, kilichosainiwa mbele ya polisi, cha mzee aliyepokea mahari. Bila karatasi hiyo asijisumbue kuja. Faili lingerudi chini ya rundo, na rundo lile watu wamelisubiri mpaka wakaota mvi.

Kazi ya dakika kumi. Mzee angepita kituoni, angeapa, angesaini. Ila Achille alifanya kosa moja: alisema ukweli kuhusu hali ya hewa.

Kwetu sisi, yeyote anayefika Ulaya hutuma picha ya theluji. Kabla ya anwani na kabla ya kusema kama chakula kinashuka, anatuma theluji. Ingia sebule yoyote ya Mkongo hapa Sydenham, utamkuta ukutani: kijana amezama hadi magotini, amekunja mikono, amenuna kama waziri aliyecheleweshewa gari. Ambaye hajatuma theluji bado hajafika.

Achille alituma nini? Alituma picha akiwa na shati la mikono mifupi, paji la uso linang'aa jasho. Alituma mto wa rangi ya chai ya maziwa uliopanda mpaka ukameza kidaraja. Mti uliopasuliwa na radi katikati. Mkono wake mwenyewe, umevimba kwa kuumwa na mbu. Akaandika: "Huku joto digiri ishirini na nane. Kila jioni ngurumo na mvua kubwa. Jua halizami kabisa, tunaziba dirisha kwa blanketi ndipo tulale."

Jumapili jioni baada ya ibada tuliitwa sebuleni kwa Pierre-Claver. Yvette alikuja na karatasi ya kusaini, mimi nikaja na kompyuta ya mkononi. Mama Bernadette, mke wa mzee, alikuwa akipakua ugali na sombe, kisamvu cha Kikongo. Mzee alikaa ndani ya jaketi lake, akashika simu ya Yvette na kuzipitia zile picha kwa ncha ya kidole, kana kwamba zina ugonjwa.

"Mbu," alisema. "Mbu ku Ulaya."

"Tonton, na huko wapo," nikasema.

"Mi sikukuuliza, Ernestina. Naongea na mbu." Akapitisha picha nyingine. "Matope. Mvua. Mutu iko na shati fupi mwezi wa sita. Yvette, mutoto wangu, pole sana. Bwana yako iko Douala."

"Douala?" Yvette akasema.

"Douala, Kameruni. Nilipitaka kule. Matope njo ile ile. Iko na mwanamke kule, ni yeye anamupiga picha. Miye siendi kuapa mbele ya Mungu na polisi juu ya mutu wa Douala."

Nilimweleza. Nilimweleza kwa Kiswahili safi, polepole, kama ninavyowaelekeza wazee kubadili laini ya simu. Nikamwambia kwamba mwezi wa sita sisi huku kusini tunaingia baridi, wao kaskazini wanaingia kiangazi. Kwamba dunia imeinama, na wakati huu upande wao ndio ulioelekea jua, mchana kutwa na usiku kucha. Kwamba joto likikutana na hewa ya baridi juu, mawingu yanapanda, radi zinapiga. Nikamfungulia ukurasa wa hali ya hewa wa mji ule ule. Digiri ishirini na nane, kiwingu, kialama cha radi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mkewe. "Umesikia, Bernadette? Dunia imeinama. Shikilia sahani, zisianguke."

Akacheka peke yake, kwa muda mrefu.

"Wee mutoto wa Kigoma," akaniambia, "Kiswahili yako ya redio iko tamu. Unaweza kusoma matangazo ya kifo, batu wakaomba urudilie. Lakini baridi uliiona wapi? Kigoma? Miye kila siku naingia mu frigo. Naijua baridi, na yenyewe inanijua. Na hii internet, iko nani anaiandika? Si batu kama weye?"

"Basi mwone mwenyewe," nikasema, nikampigia Achille kwa video.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Achille akatokea, ameketi kwenye ngazi za mbao nje ya nyumba, jua limempiga usoni, anajipiga makofi shingoni kufukuza mbu. Mtu mpole, fundi wa magari. Hakujua kama yuko mahakamani.

"Shikamoo, Papa."

"Marahaba. Kwenu huko iko saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu, Papa. Saa yetu na ya Durban ni moja."

"Moja?" Pierre-Claver akainuka, akavuta pazia. Nje giza lilikuwa limeshaingia, taa za barabarani zinawaka. "Saa moja na sisi. Hapa giza, kwako jua ya saa sita. Saa moja, jua mbili! Achille, unaniona miye mupumbavu?"

Achille alifungua mdomo ajibu. Nyuma yake anga lilikuwa limeshakuwa jeusi upande mmoja, jeusi kama lami, na upande wa pili jua bado linawaka. Radi ikapasuka. Alishtuka, tukaona ngazi, tukaona kiatu, kisha picha ikakatika.

"Amekimbia," mzee akasema, akairudia sahani yake. "Muongo akikosa la kusema, anakata simu. Bernadette, leta pilipili."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye robot ya barabara kuu, kama wanavyoziita hapa taa za magari, ikawaka kijani na Yvette hakuvuka. Alibaki amesimama na karatasi yake isiyosainiwa.

"Tina," akasema, "na kama ni kweli iko Douala?"

Nilikuwa nimemdharau Pierre-Claver tangu siku ya kwanza, kama mtu anavyodharau redio mbovu: unaizima, basi. Lakini pale barabarani nilimchukia. Ujinga wake ulikuwa umeshatoka ndani ya jaketi na kumwingia mtu mwenye akili, mtu aliyeoga, kulala na kula na Achille miaka miwili na kujua kwamba yule mwanamume hata bei ya gari bovu hawezi kuidanganya. Ukweli ulikuwa umesemwa sebuleni mle kwa maneno, kwa takwimu, kwa picha, kwa sauti ya radi yenyewe. Haukufaa kitu. Mzee yule alitaka theluji.

Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja, nikampa theluji.

Nilimwandikia Achille kwanza. Akajibu: "Fanya. Ila mimi usinitumie, sitaki kuiona." Kichwa chake nilikuwa nacho, kwenye picha za pasipoti nilizompiga kabla ya safari. Theluji niliipata bure mtandaoni, mlima mzima na misonobari yake. Kilichokosekana ni mwili: mwili wa mtu aliyevaa nguo nzito. Na katika kompyuta nzima ya duka, katika mji ambao watu wanavaa kandambili mwaka mzima, mwili wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu. Sitasema uongo mwingine juu ya uongo ule. Ningeweza kutafuta mwili mwingine. Sikutafuta.

Nilikata kichwa cha Pierre-Claver, nikaweka cha Achille. Mkono kiunoni, tumbo mbele, ukosi wa manyoya. Nikamzamisha magotini. Nikanyunyiza theluji kidogo mabegani. Kwa dakika arobaini za kazi, uongo wangu ulipendeza kuliko ukweli wote wa Achille.

Jioni mzee alipotoka kazini tulimkuta anavua viatu. Nilimkabidhi picha, nimeichapa kwa karatasi inayong'aa. Yvette alisimama mlangoni, mikono nyuma. Nilikuwa nimemwambia kila kitu.

Pierre-Claver alivaa miwani. Aliitazama.

"Aaah," akasema. "Aaah! Hii njo Ulaya."

"Ilichelewa kufika, Tonton," nikasema. "Mtandao."

"Ona jaketi! Bernadette, kuja uone. Hii haiko jaketi ya Douala. Iko sawasawa na yangu, hata kola. Hii ni ya batu wa baridi ya kweli." Akaisogeza picha karibu, akaitenga mbali. "Na amenona! Mwezi haujaisha, ona tumbo! Kule wanakula. Si nilisema? Nilijua huyu kijana hawezi kuniaibisha."

Mama Bernadette alitoka jikoni akijifuta mikono. Aliichukua picha na kuiinamia. Hapo ndipo nilipoona kile ambacho sikukifuta. Kwenye mfuko wa kulia wa jaketi, chini ya mkono wa mtu aliyesimama katika theluji ya Norwei, palikuwa na alama ya pasi: pembe tatu, hudhurungi, ya kuungua. Mama Bernadette aliitazama. Akainua macho akautazama mfuko wa mumewe aliyekaa mbele yake, pembe tatu ile ile. Kisha akanitazama mimi.

Yvette alikuwa amefumba macho.

"Ni yeye kabisa," Mama Bernadette akasema. "Papa, kesho asubuhi upite kwanza polisi, mbele ya kazi. Mutoto asikose basi ya Pretoria."

"Nitapita," mzee akasema. "Mi sikukataa. Nilitaka tu vitu viwe sawa."

Jikoni, wakati namsaidia kubeba sahani, mama yule aliniambia bila kugeuka: "Ile pasi ni miye niliunguza. Alinitukana siku tatu. Siku ingine ufute."

Jumanne Pierre-Claver aliinua mkono mbele ya polisi, akaapa kwamba anamjua mkwewe vizuri sana. Jumatano Yvette akaingia ubalozini na karatasi yake. Desemba Achille alituma theluji ya kweli: kivuli cha mtu kwenye kiza, taa moja ya barabarani, weupe hafifu miguuni. Ilipigwa mchana, maana mwezi huo jua kule halitoki. Mzee aliitazama akairudisha. "Hii haionekani. Ile ya kwanza iko bora."

Yvette aliondoka mwaka uliofuata, Juni tena. Siku ya tatu akanitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake mvua ilikuwa inazipiga mbao za ukuta, na mara mbili ngurumo zikamkatisha. "Tina, iko joto," alisema. "Iko radi, iko mbu, saa tano za usiku na jua iko. Nimelia. Unajua, moyoni Douala ilikuwa haijatoka kabisa." Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi. Nilikuwa nimedhani kwamba yeye, angalau, aliniamini.

Picha yangu iko sebuleni kwa Pierre-Claver hadi leo, ndani ya fremu ya dhahabu, juu ya televisheni. Jumapili iliyopita alikuwa na wageni. Aliwasimamisha mbele ya picha hiyo mmoja mmoja, amevaa jaketi lake, mkono mmoja kiunoni.

"Mkwe wangu, Norwei," aliwaambia, akikigonga kioo kwa kidole, pale kwenye tumbo lake mwenyewe. "Muone vile Ulaya inalisha mutu."