Firigisi Chini ya Wali

Kibwana Mwinyimadi alikuwa mpasua mbao, na mpasua mbao ana njaa ya watu wawili. Mtu ashinde shimoni chini ya gogo katika msitu wa Pugu, akivuta msumeno na mwenzake tangu asubuhi, jioni usimweleze habari nyingine yoyote kabla hajala. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, afiwe na mke, binti yake wa pekee awe ameolewa mbali huko Kwala, na ujuzi wake wote wa jikoni uwe kuchemsha muhogo. Kibwana alikula muhogo mwaka mzima. Alikula muhogo kwa chumvi, na siku chumvi ilipokwisha alikula muhogo. Kanzu yake ya Ijumaa ikawa inaning'inia mabegani utadhani ameiazima.

Majirani walimkaribisha sana, na kila mara aliwakatalia kwa heshima zote. Si kwamba alikuwa na kiburi. Alichoshindwa kuvumilia ni jinsi wanawake walivyomtazama akila, wakitikisa vichwa na kunong'onezana maskini, maskini. Huruma ile ilimkaba koo kuliko muhogo mkavu.

Mungu si Athumani, Zena akafungua hoteli. Ilikuwa kibanda cha makuti pale Kisarawe, kando ya njia iendayo bomani, meza moja ndefu, mabenchi mawili na sahani za bati. Siku za kawaida alipika kunde na maharage kama watu wote. Lakini Ijumaa, watu wanapotoka msikitini, Zena alikaanga kuku, na harufu yake iliwafanya hata wale waliokuwa na wake majumbani wakumbuke ghafla kwamba wana shughuli upande ule.

Kuku wa Zena alilazwa kwenye ndimu, chumvi na kitunguu saumu, akachemshwa kidogo, akagaragazwa katika unga wa muhogo, kisha akatumbukizwa katika karai la mafuta ya nazi. Akitoka humo ana ganda linalolia kwenye meno, na ndani nyama laini yenye maji yake. Alipakuliwa pamoja na wali wa nazi, kisamvu, na pilipili iliyopondwa na ndimu. Mwalimu Wilbrod wa shule ya misheni, ambaye hakuwa mtu wa msikitini, naye alihesabu siku za Ijumaa kuliko shehe.

Siku ya kwanza Kibwana alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, kama anayengoja kufukuzwa. Hakuna aliyemfukuza wala kumhurumia. Aliletewa sahani yake kama wengine, akaambiwa asogee kidogo mwenzake apate pa kukaa. Alipong'ata paja la kuku ilibidi ainamishe uso, kwa sababu ladha ile ilikuwa ya nyumbani kwake hasa. Wala hakujiuliza kwa nini. Kwa karibu miaka thelathini alikuwa amekula mkono wa mwanamke mmoja, na alidhani kuku wote wa kukaanga duniani wana ganda la unga wa muhogo. Alimshukuru Mungu tu, akaramba vidole, na Ijumaa iliyofuata akawa wa kwanza kufika.

Zena mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Masaki, mwenye mwili na mwenye sauti. Tangu siku ile ya kwanza alimwita Kibwana shemeji. "Shemeji, ongeza wali." "Shemeji, sogea kivulini." Kibwana alilichukulia neno lile kuwa ulimi wa biashara. Wafanyabiashara, alijiambia, humwita mtu jina lolote ilimradi arudi.

Jambo moja la Zena liliwakera wanaume wa pale, nalo ni firigisi. Kila mtu anajua firigisi ya kuku ni ya nani. Ni ya mwenye nyumba. Mwanamke akimpikia mumewe kuku, naye mume asiione firigisi sahanini, basi siku hiyo kuna kesi. Sasa, hotelini mwenye nyumba ni nani? Mwinyijuma, fundi cherehani ambaye mdomo wake ulishona kuliko mashine yake, aliwahi kuiulizia kwa niaba ya wanaume wote. Zena akamjibu kwamba nyumba hii ni yake, na firigisi anakula yeye. Na kweli alikula, akiwa amesimama pale pale jikoni, akitafuna polepole mbele ya macho yao. Wanaume waligeuza nyuso kwa aibu, kisha wakaomba wali.

Nyumbani kwa Kibwana firigisi ilikuwa na mambo yake. Mkewe marehemu, Mwanahalima, aliizika chini ya wali upande wa mkono wa kulia. Alianza kufanya hivyo Mwanaamina, binti yao, alipokuwa mdogo na anailia kila anapoiona. Mtoto akakua, akaolewa, akaenda zake, na mama Mwanaamina akaendelea kuizika vile vile. Kibwana akila, vidole vikaigusa, akaitia mdomoni na kuendelea na mazungumzo yake. Hakuwahi kusema ahsante. Nani anashukuru kwa kupewa kilicho chake?

Basi ikafika Ijumaa moja, mvua za vuli zimekatika asubuhi ile. Mwinyijuma alikuwa akisimulia jinsi alivyomshonea karani mmoja suruali, mfuko mmoja akaugeuza nje ndani, na karani akaenda nayo bomani hivyo hivyo, mfuko unaning'inia mbele za watu kama ulimi wa mbuzi. Kibwana alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na mwenyewe akashangaa kusikia sauti yake. Zena alichungulia kutoka jikoni, akamtazama kidogo, akarudi kwenye karai. Baadaye kidogo akaleta sahani.

Kibwana alitia mkono kwenye wali, upande wa kulia, kama kawaida yake. Vidole vikagusa kitu.

Akaufukua wali pole pole. Ilikuwa firigisi nzima, imechanjwa na kukaangwa ikakauka vizuri. Mwinyijuma, mwenye macho ya kutunga uzi sindanoni, aliiona papo hapo, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Benchi zima likanyamaza. Mwalimu Wilbrod, ambaye si wa pale lakini mila za firigisi alikuwa ameshafundishwa, alijitia kuchagua mifupa.

Jasho lilimtoka Kibwana. Mwanamke ambaye hajawahi kumwachia mwanamume yeyote firigisi leo kamzikia yeye chini ya wali. Kumbe lile shemeji lilikuwa na maana yake! Akiila, amekubali, na kabla ya alasiri Mwinyijuma ataanza kupima kanzu ya harusi. Akiirudisha, amemwaibisha mwenye hoteli mbele ya wateja wake, na hawezi kukanyaga hapa tena. Aliuona muhogo wake unamngoja nyumbani, mweupe, umenyamaza. Na zaidi ya yote alimwona Mwanahalima akiinama kuweka sahani. Pale mahali pamoja chini ya wali palikuwa pake. Iliuma kuona mtu mwingine kapagusa.

Akapiga moyo konde, akasimama na sahani mkononi.

"Bi Zena, chakula chako kimenirudishia mwili na nakushukuru," alisema. "Lakini sijafikiria kuoa. Marehemu bado hajatoka moyoni mwangu."

Zena alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia nguzo, na mwiko ukamwanguka. Alipopata pumzi alimuuliza ni nani aliyemwambia kwamba anaposwa. Yeye na firigisi yake, alisema, hawajagombana hata siku moja, na hana haja ya mwanamume wa kuja kumnyang'anya. Watu wakacheka. Kibwana alitamani ardhi ipasuke aingie pamoja na sahani yake.

Ndipo Zena alipojifuta mikono kwa kanga, akaja akasimama ubavuni mwake, na sauti yake ikashuka.

Akamweleza kwamba yeye na Mwanahalima walikuwa mashoga. Walipika pamoja kwenye maharusi, Masaki, Maneromango, popote walipoitwa, na kule kwenye mafiga ndiko urafiki wao ulikokolea. Kibwana alikumbuka kwamba mkewe alikuwa akienda kupika kwenye shughuli. Hakukumbuka kumuuliza hata mara moja anapika na nani. Ule unga wa muhogo, alisema Zena, ulikuwa wa Mwanahalima. Mumewe Zena alipomwacha hana mbele wala nyuma, Mwanahalima alimshika mkono akamfundisha, akamwambia akaange kuku, watu watakuja. Na alipougua, Zena alikwenda kumtazama. Kibwana alikuwa msituni siku hiyo.

"Aliniambia, mume wangu hajui kupika," alisema Zena. "Akishamaliza kujitesa atakuja kwako. Akija, mlishe. Lakini firigisi usimpe mpaka umsikie anacheka. Ukimpa mapema atalia mbele za watu, na hatarudi tena."

Akaonyesha sahani iliyokuwa bado mkononi mwa Kibwana.

"Leo umecheka, shemeji. Nimekusikia."

Akageuka, akaokota mwiko wake, akaurudia moto. Wanaume wakainamia sahani zao, kila mmoja ghafla ana njaa kali. Kibwana akaketi. Aliitazama ile firigisi. Mke wake, mgonjwa, hawezi hata kuinua kikombe, alikuwa amelala pale akifikiri mume wake atakula wapi. Alikuwa amepima hata machozi ya mumewe, akajua yatachukua muda gani kukauka. Kibwana alijaa shukrani mpaka kifua kikamuuma, na hakujua aipeleke wapi.

Akaitia firigisi mdomoni. Safari hii hakuzungumza na mtu. Aliitafuna pole pole mpaka mwisho, akasikia ndimu, akasikia saumu, akasikia lile ganda la unga. Kisha akainua uso kuelekea jikoni, akasema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia:

"Ahsante, mama Mwanaamina."

Zena hakuwa na mtoto wa jina hilo. Mwinyijuma alifungua mdomo amsahihishe, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, akaufunga bila kusema neno. Zena alikuwa amewapa mgongo, anageuza kuku katika karai. Hakugeuka alipojibu.

"Haya, baba Mwanaamina. Kula, wali unapoa."