Maswali Ishirini na Matano Bondeni

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba mimi, Gift, mwanafunzi wa kidato cha tatu, nilihukumiwa Jumamosi nne gerezani. Kosa langu ni kupiga kengele ya chakula saa nne asubuhi, bweni zima likakimbilia jikoni na sahani. Mkuu wa shule akaamua nimbebee daftari Mwalimu Cuthbert, anayewafundisha hesabu wafungwa huko Newala.

Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa Silvano wa Chilangala, mwizi wa magunia ya korosho. Nilimwita Baba Yuliana, kwa jina la bintiye. Alitaka kufanya Mtihani wa Maarifa, ule unaomfungulia asiyesoma sekondari njia ya mtihani wa kidato cha nne, na Mwalimu alimpa sharti la kumsajili: Jumamosi ya nne, siku ya mwisho ya usajili, apate alama arobaini kati ya hamsini kwenye jaribio la hesabu la maswali ishirini na matano.

Siku hiyo tangi likakauka.

"Leo hakuna shule," akasema Afande Bonifasi. "Ndoo kichwani, bondeni!"

"Afande, ndoo inakaa kichwani, mdomo uko huru," akajibu Baba Yuliana. "Niulizwe tukitembea."

Afande akacheka, akakubali. Tukateremka, mimi nikisoma maswali kwa sauti ya askofu, Mwalimu akisahihisha.

"Tafuta eksi, Silvano!" wenzake wakamtania. "Isije ikavuka Ruvuma, ikatorokea Msumbiji!"

Tulipofika kisimani alikuwa na thelathini na nane. Lilibaki swali moja la alama mbili. Akachora chini kwa kijiti, akafuta, akachora tena. Foleni ya ndoo ikasonga. Nikashindwa kuvumilia.

"Saba," nikamnong'oneza.

Akanikazia macho. "Cha wizi nimeshakula, mwanangu. Kimenigharimu miaka mitano. Nyamaza."

Nikanyamaza, jambo ambalo walimu wangu hawajawahi kulishuhudia.

"Silvano, zamu yako!"

"Mpe Nurdini, afande. Nikimaliza nitabeba mbili."

Akafuta kila kitu kwa kiganja, akaanza upya mstari wa kwanza. Jasho likadondokea hesabu. Mstari wa nne akasimama, akarudi, akarekebisha alama ya kutoa.

"Ni saba, Mwalimu. Na njia yake hii hapa."

Mwalimu akainama, akaifuata njia yote kwa kidole, kisha akatoa fomu ya usajili mfukoni.

Baba Yuliana akapanda mlima na ndoo mbili, moja kichwani, moja mkononi. Nilipotaka kumpokea ile ya mkononi akakataa.

"Wewe nisomee historia," akasema akihema. "Hesabu si somo pekee."