Shefu na Viti vya Matanga

Viti vya plastiki vya matanga, mali ya avenue yetu, mtaa mzima, vinawekwa kwangu kwa sababu mimi ndiye mwenye varanda pana. Kwa viti hivyo nilimfundisha mbwa wangu Shefu mchezo niliouona kwenye simu: kuruka, kupita chini, kuzunguka kulia na kushoto, mwisho kupanda juu ya meza na kutulia mpaka aambiwe ashuke. Nyumbani hakukosea. Waliocheka niliwaambia wafundishe mbuzi zao tuone.

Siku ya mashindano ya mbwa, vijana waliweka mabomba na matairi kule ufukweni mwa ziwa. Shefu akanusa bomba, akakojolea tairi, akalala. Watu wakapiga makofi. Niliona haya, sifichi.

"Papa Edmond," mke wangu Alphonsine akaniambia, "viti vyote vimejaa manyoya, na imbwa hajui kitu. Boti ya Moba ikifika, anaenda kwa kaka yangu kule Kirungu, mulimani."

"Kirungu kuna baridi."

"Njo maana ana manyoya."

Nilimpenda yule mbwa. Tangu niache kazi ya reli, ni yeye tu aliyenisikiliza mpaka mwisho.

Kabla boti haijafika, jirani yetu Papa Cyprien akafariki. Watu wa avenue wakaja kubeba viti, wakavipanga kwa mistari uani kwa marehemu. Sanduku la maiti likawekwa mbele, juu ya meza. Tukakaa, wamama wakalia. Shefu tulikuwa tumemuacha nyumbani, Alphonsine amemfunga kamba.

Sijui aliikata saa ngapi. Nilimuona tu akiruka juu ya magoti ya Mama Thérèse. Akapita chini ya kiti cha katekista, akazunguka wanakwaya mmoja mmoja, kulia, kushoto, bila kugusa hata kanzu. Kazi safi kabisa. Kisha akapanda juu ya sanduku, akatulia, akaniangalia.

Kilio kikakatika. Neno la kumshusha nililijua, halikutoka. Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani pia wale vijana wa ufukweni wangekuwepo.

Mjane, Mama Éliane, akainuka polepole.

"Hii imbwa njo ya nani?"

Nikaangalia viatu vyangu. Alphonsine akasimama, akakaza kitenge chake.

"Ni ya kwetu, Mama," akasema. "Mutusamehe. Bado tunamufundisha."