Rubani wa Ndala

Jana, nikiwa nimelala kwenye kiti baada ya ugali wa mchana, niliota kwamba rubani wangu amegoma.

Rubani huyu nilimkata mwenyewe kutoka kwenye soli ya ndala, nikamchora masharubu kwa kalamu. Urefu wake ni shubiri moja. Kwa miaka minne ameketi ndani ya ndege yangu ya mfano, inayoongozwa kwa rimoti. Niliiunda kwa kuipunguza mara nane ile ndege ya kunyunyizia ngano dawa, ambayo baba yangu, Mzee Margwe, aliihudumia kule Basotu hadi alipostaafu.

Haijaruka hata siku moja. Baba macho yanamwisha, na kila Jumamosi anakuja kuuliza kama ataiona angani kabla ya giza lake. Nami kila Jumamosi nina neno: mara upepo, mara gundi haijakauka. Ukweli ni kwamba naogopa itavunjika.

Basi rubani akafungua kioo, akatoa kichwa.

"Fundi Tluway," akasema, "miaka yako minne, kwa kipimo changu, ni thelathini na miwili. Nimestaafu humu ndani na mkanda kiunoni."

Nikamwambia kuna upepo. Akanijibu kwamba tuko sebuleni.

Hapo hapo tuko katikati ya shamba la ngano, kiti changu kikiwa bado chini yangu. Rubani amekuwa mrefu kuliko mimi. Mimi ndiye niliyepungua mara nane, na viatu vyangu pia, jambo lililonipa faraja kidogo.

Anasema sheria ninaijua: kabla ya kuruka, ndege hutiwa alama ya penseli chini ya kila bawa, ikainuliwa kwa ncha za vidole viwili, ili ionekane kama imesawazika. Nakubali. Anasema anayekataa kuruka hapa si ndege, basi atapimwa anayekataa. Ananitia nukta chini ya kila kwapa. Penseli ni ya baridi. Ananilaza kifudifudi hewani na kuniinua.

Miguu inashuka, kichwa kinatazama mawingu.

"Mkia mzito," anasema, bila kushangaa.

Anapekua mfuko wa nyuma wa suruali yangu. Anatoa upepo wa Jumamosi, umekunjwa mara nne. Anatoa gundi ambayo haijakauka tangu Pasaka. Chini kabisa anatoa woga wangu, mweusi na mzito kama jiwe la mizani. Namwomba autupe.

"Hautupwi," anasema. "Unahamishiwa mbele."

Anautia kwenye mfuko wa shati, kifuani. Nikalala sawa hewani, nikaanza kwenda.

Chini namwona baba, ukubwa wake wote, amekinga macho kwa kiganja. Anauliza kile kinukta ni ndege au ni ukungu wa macho yake. Najibu kwa nguvu zangu zote kwamba ni mimi, lakini sauti nayo imepunguzwa mara nane. Anashusha mkono. Nililia palepale juu, nasema wazi.

Mke wangu Paskalina akaniamsha. Akaniambia baba amefika, yuko uani, na shati langu limelowa jasho, nilivue. Nikalivua.

"Baba Lohay," akasema, "penseli imefikaje huko kwapani?"

Nikaenda kwenye kioo. Nukta mbili, moja kila upande, zimelingana kabisa. Hata mimi mwenyewe sijawahi kuzipatia hivyo kwa mara ya kwanza.

Nikavaa shati kavu, nikaibeba ndege hadi uani. Baba alisikia hatua zangu, akageuza uso kunitafuta.

"Leo upepo vipi?" akauliza, kama kawaida yake.

"Upo, baba," nikasema. "Nishikie bawa hili, twende uwanjani."