Mungu wa Nguzoni

Mimi kazi yangu ni macho. Marehemu baba alichonga miungu kwa mawe, na aliponiachia brashi yake nyembamba aliniachia na sharti: sanamu ni jiwe tu mpaka macho yafunguliwe, na anayeyafungua haitazami. Unaipa mgongo, mtu anakushikia kioo mbele yako, nawe unapaka wino kwa kupitisha mkono juu ya bega huku ukifuata kwenye kioo. Mtazamo wa kwanza wa Mungu ni mkali, haujui rafiki. Kioo hicho siku zote alinishikia mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, ambaye nilimbeba mgongoni mpaka watu wakadhani nimemzaa mimi.

Alipokua aliyaacha mawe akafuata zege. Akawa kiongozi wa waashi kwenye ghorofa lililokuwa likijengwa barabara kuu, na wenzake wakamwita Dua, kwa sababu hakuwahi kupanda ngazi bila kuomba.

Siku moja nilimpelekea chakula nikakuta nguzo kubwa ya chini ina ufa. Ulianzia usawa wa goti ukapanda hadi darini. Nilitia kidole, kikazama chote.

"Hii nguzo inakufa," nikamwambia. "Mwite mkandarasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Dua akacheka. Alikuwa na kicheko cha mtu aliyeshiba hata akiwa na njaa. "Dada, wewe binti wa mchongaji unauliza habari ya nguzo iliyopasuka? Narasimha alitoka wapi?"

"Kwenye nguzo," nikajibu.

"Basi. Yumo humu."

Kwa asiyeijua habari yake, dini yetu husimulia hivi: kulikuwa na mfalme jeuri aliyepewa ahadi kwamba hatauawa na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku. Mwanawe mwenyewe alikataa kumwabudu, akamwabudu Mungu. Mfalme akaipiga nguzo ya jumba lake, akauliza, huyo Mungu wako yumo na humu? Nguzo ikapasuka. Akatoka Narasimha, kichwa cha simba, kiwiliwili cha mtu, wakati jua linazama. Akamburuta mfalme hadi kizingitini, akampakata, akamrarua kwa kucha. Mtoto hakuguswa hata unywele. Ndiyo maana watu humwomba ulinzi na kumweka milangoni. Ila hasira yake huendelea kuwaka hata adui akishakufa, kwa hiyo wanaomwabudu humwagia maji kumpoza.

Dua na wenzake wakaanza kuipoza nguzo. Kila asubuhi, kabla ya kukoroga zege, walimimina ndoo baada ya ndoo ndani ya ufa na kuchomeka maua ya njano. Maji yaliingia meupe yakatoka mekundu. Mimi niliona kutu ya nondo. Wao waliona damu ya mfalme, wakachovya vidole na kujipaka kwenye paji la uso. Ufa ulipopanuka, walishangilia.

"Asiyesikia la mkuu..." nilimwanzia.

"Guu langu zima, dada," akasema, akaninyanyulia mguu kunionyesha.

Mkandarasi hakuwakataza. Angewakataza vipi? Nguzo mbovu inabusiwa, yeye anaambiwa ahsante. Alikuja karakanani kwetu na viatu vyake vyeupe, akamwagiza mume wangu, ambaye sasa ndiye mchongaji, Narasimha wa jiwe, mkubwa, wa kusimama mbele ya ule ufa. Mume wangu alimchonga vizuri mno. Lakini baadhi ya waashi walikuwa na hofu, wakasema hawapandi tena juu mpaka mlinzi afunguliwe macho. Kwa hiyo watu wote wale, na mdogo wangu mbele yao, walikuwa wakiisubiri brashi yangu. Nikasema wino haujaiva vizuri. Nikasema nina homa. Nikasema siku si njema.

"Mama, unachelewesha kazi," mkandarasi akaniambia.

"Ziba ufa, nitafungua macho."

"Mhandisi ameshaukagua."

"Mhandisi gani?"

"Yupo." Akatazama viatu vyake. "Lakini usijisumbue. Dua amekulia kwenye karakana yenu. Ameniambia hata yeye anaweza kuyafungua."

Hapo nilichukia kweli. Nilimchukia yeye, nikamchukia na mdogo wangu kwa ule moyo wake mweupe usiokuwa na mlango. Nikakubali, lakini nikiwa na langu moyoni. Ningepaka jicho moja, kisha ningetangaza kwamba la pili limekataa. Hakuna mwashi ambaye angefanya kazi chini ya Mungu aliyekataa kuwatazama. Ni uongo, ndiyo, na ningeurudia mbele ya baba mwenyewe.

Nikatoa amri kwamba wakati wa kufungua asibaki mtu ndani. Jioni, jua likielekea kuzama, waashi wote walitoka wakajipanga barabarani na maua yao. Nilimwambia Dua naye atoke, kioo nitakiegemeza kwenye ndoo.

"Tangu lini kioo chetu kikashikwa na ndoo?" akasema, akakiokota.

Nikaipa sanamu mgongo. Dua akasimama mbele yangu, kioo kimemfunika uso. Maji ya asubuhi yalikuwa bado yanadondoka mahali fulani nyuma yangu. Nikapitisha mkono begani, nikapaka jicho la kulia. Kwenye kioo jicho lile lilinitazama. Juu ya kichwa cha simba niliuona ufa, na ufa ule ulikuwa unatembea.

Changarawe zikaniangukia shingoni.

"Amekataa," nikasema. "Dua, amekataa, tutoke!"

Akashusha kioo. Aliangalia juu ya bega langu, na uso wake ukajaa furaha ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya harusi yake.

"Hajakataa, dada. Anatoka."

Nilimkamata shati. Nilimvuta kama nilivyomvuta utotoni akikaribia jiko, nikamwita mjinga, nikamwita mwanangu. Aliitoa mikono yangu polepole, kidole kimoja kimoja, bila hasira.

"Tangulia wewe," akasema. "Usigeuke, macho yake makali."

Kipande cha dari kikaanguka kati yetu. Nikakimbia. Sijui miguu yangu ilimsikiliza nani, maana mimi sikutaka kukimbia. Nilipofika kizingitini nilimsikia akiimba jina la Mungu kwa sauti yote aliyopewa. Kisha nguzo ikasema, na baada yake sakafu za juu zikasema moja baada ya nyingine, na wimbo haukusikika tena.

Vumbi likabubujika mlangoni, likawa jekundu kwa mwanga wa jua linalozama. Waashi barabarani wakalitazama. Mmoja akapiga magoti, wakafuata wengine, mikono imeunganishwa, machozi yanawatoka.

"Ametoka!" wakapaza sauti. "Ametoka!"

Nami nilikuwa nikikimbia katikati yao, nikiwavuta mashati mmoja mmoja, nikiwaomba mabeleshi.